Uliza Neno: L iliyopotea

Mwezi huu barua zimekuja kwa mpigo, na karibu zote zinazunguka jambo moja: neno limeundwaje kwa ndani? Wengi wenu mnalalamikia "vighairi". Niseme mapema kwamba neno hilo silipendi. Nimesoma prufu za vitabu vya shule kwa miaka 31, na kila nilipoambiwa kwamba neno fulani "halifuati kanuni", niliwatafuta kwanza ndugu zake. Aghalabu ndugu walikuwapo, na walikuwa wanafanya vilevile. Naanza na barua iliyonifurahisha kuliko zote.

Shikamoo Bibi. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Anasema "nifunguie mlango" na "nichukuie mpira". Baba yake humsahihisha kila mara: "nifungulie", "nichukulie". Juzi dada yake wa darasa la nne akadakia, "Baba, kwani hiyo l inatoka wapi? Kwenye fungua haimo." Baba akanitazama mimi. Nami nakutazama wewe. — Mama wa wawili

Marahaba, mama wa wawili. Huyo wa darasa la nne mtunze, na huyo mdogo usimkaripie, maana hajakosea hata kidogo kwa kadiri ya ushahidi alio nao. Amesikia *pika* ikizaa *pikia*, *imba* ikizaa *imbia*, *panda* ikizaa *pandia*. Akajitungia kanuni: toa a ya mwisho, weka -ia. Akaichukua *fungua*, akatoa a, akaweka -ia, akapata *funguia*. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia neno hilo. Amelitengeneza mwenyewe, na hiyo ndiyo dalili kwamba anaunda maneno badala ya kuyakariri. Mwaka 1958 mtafiti Mmarekani Jean Berko alichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu: aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe kama ndege, akakiita *wug*, jina alilolibuni yeye, kisha akawaonyesha viwili na kuwaachia sentensi wamalizie. Watoto wakatoa wingi barabara, ilhali jina lenyewe hawakuwahi kulisikia popote. Umjaribu wako nyumbani kwa jina la kubuni, *kibuga*. Mchoree viwili, umsikie.

Sasa hiyo l. Haikutoka popote. Ilikuwamo tangu mwanzo, ikapotea, na pale tunapoiona ni pale ilipokataa kuondoka.

Katika Kiswahili cha zamani sana, kabla hakijawa Kiswahili tunachokijua, vitenzi kama *zaa*, *vaa*, *kaa* na *fungua* vilikuwa na l kabla ya ile a ya mwisho. Baadhi ya ndugu zetu wa Kibantu wanayo mpaka leo: Mzulu husema *zala* kwa maana ya kuzaa, Mganda husema *zaala*, na Mchewa akivaa nguo husema *vala*. Sisi l hiyo tuliidondosha ilipokuwa mwishoni, kabla tu ya irabu tamati. Lakini kitenzi kinapoongezewa kiambishi, l haiko tena pale ukingoni. Imesogea ndani, na huko ndani ilisalimika. Basi *zaa* hutoa *zaliwa*, *vaa* hutoa *valia*, *kaa* hutoa *kalia*, *okoa* hutoa *okolewa*, *pokea* hutoa *pokelewa*. Kwa hiyo mwambie binti kwamba swali lake linafaa kugeuzwa: si l ya *fungulia* imetoka wapi, bali l ya *fungua* imekwenda wapi.

Mpaka hapo ungeweza kusema, sawa, Bibi, hiyo ni hadithi nzuri, ushahidi uko wapi? Uko kwenye herufi nyingine kabisa, z. Chukua vitenzi vilevile uunde nomino: *zaa* hutoa *mzazi*, *vaa* hutoa *mavazi*, *kaa* hutoa *mkazi*, *okoa* hutoa *mwokozi*, *pokea* hutoa *mapokezi*, *nunua* hutoa *mnunuzi*, *chagua* hutoa *uchaguzi*, *tembea* hutoa *matembezi*, *lea* hutoa *mlezi*. Hiyo z nayo haimo kwenye kitenzi. Na tazama, ni walewale! Penye l katika kutendwa, pana z katika nomino: chaguliwa, uchaguzi, nunuliwa, mnunuzi, lelewa, mlezi. Hiyo z ni ile l yenyewe, imevaa joho. Zamani kiambishi cha kuundia mtenda kilikuwa i iliyobanwa sana kinywani, na i hiyo ilikuwa ikiiharibu konsonanti inayoitangulia. Iligeuza k kuwa sh (pika, mpishi), t kuwa s (fuata, mfuasi), nd kuwa nz (linda, mlinzi), b kuwa v au z, ndiyo maana wanaosema *mwizi* na wanaosema *mwivi* wote wametoka kwenye *iba*. Na l ikawa z.

Najua kuna atakayeandika mwezi ujao kunikamata: "Bibi, mbona *potea* haizai *mpotezi*? Tunasema *mpotevu*." Nakushukuru, kwa sababu huyo ndiye shahidi wangu bora. *Potea* ina l, ndiyo maana mtu husema "nimepotelewa na ufunguo". Ila sifa hii haikuundwa kwa i. Iliundwa kwa u. Na u iliyobanwa haigeuzi l kuwa z, huigeuza kuwa v. Ndiyo *potea, potevu*, *legea, legevu*, *sikia, sikivu*, *tulia, tulivu*. L ikikutana na i inatoka z, ikikutana na u inatoka v. Nilipoligundua hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa na rundo la prufu za sarufi mezani na sikusahihisha hata ukurasa mmoja mchana ule wote. Nilikaa naandika jozi za maneno nyuma ya karatasi.

Kuna kitu kimoja zaidi, na hapa ndipo ninapowapenda wasemaji wa lugha hii. *Sahau* tumeipata kwa Waarabu. Haikuwahi kuwa na l, wala mababu zake hawakuwa nayo. Lakini tunasemaje? *Sahauliwa. Sahaulika. Msahaulifu.* Wasemaji waliiona imekaa kama *fungua* au *chukua*, irabu mbili zimegusana mwishoni, wakaipa l ambayo haikuwa haki yake. Maana yake ni kwamba l si mabaki tu ya kale yaliyogandishwa. Ni kanuni hai, inayokwenda hata kwa wageni. Mdogo wako naye ataifikia. Siku moja utamsikia anasema "nifungulie" na hutakumbuka ni lini aliacha kusema vingine.

Bi Mhariri, ninaandika programu ya kukagua tahajia. Kauli ya kutendea inanisumbua: pikia lakini somea, ruka hutoa rukia lakini cheka hutoa chekea. Je, kuna kanuni au niingize orodha nzima? — Mtengeneza programu

Usiingize orodha. Tazama irabu ya mwisho ya mzizi. Ikiwa ni a, i au u, weka -i-: *pandia, pikia, rukia*. Ikiwa ni e au o, weka -e-: *chekea, somea*. Kanuni hiyo hiyo inaendesha kutendesha (*pandisha* lakini *chekesha*) na kutendeka (*pikika* lakini *someka*). Irabu za kiambishi zinafuata kimo cha irabu za mzizi.

Ila kuna mtego, na programu nyingi nilizoziona zimenaswa humo. Kauli ya kutendua ina kipimo chake peke yake. *Funga* hutoa *fungua*, *ziba* hutoa *zibua*, *kunja* hutoa *kunjua*. *Chomeka* hutoa *chomoa*, kwa o, kama ulivyotarajia. Lakini *tega* hutoa *tegua*, si *tegoa*, na *ezeka* hutoa *ezua*. Yaani hapa e haihesabiwi pamoja na o. O peke yake ndiyo inayovuta o. Andika masharti mawili tofauti.

Usisahau l niliyoieleza hapo juu: penye irabu mbili zilizogusana mwishoni, chomeka l kabla ya -i- au -e-. Vitenzi vya silabi moja viandikie orodha, hapo sina njia ya mkato: *la, lia, nywa, nywea, fa, fia, ja, jia, pa, pea*.

Mwalimu wetu anasema katika "anasoma" a- ni kiambishi awali, -na- ni kiambishi kati, -a ni kiambishi tamati. Nilisoma kitabu kingine kinasema Kiswahili hakina viambishi kati. Mtihani unakaribia. Nimwamini nani? — Kidato cha Nne, mwenye wasiwasi

Hili limenikera kwa miaka mingi kiasi kwamba nitajaribu kuwa mpole.

Kiambishi huitwa awali, kati au tamati kwa kulinganishwa na mzizi, si kwa kulinganishwa na neno zima. Mzizi wa *anasoma* ni *som-*. Kilicho kabla yake ni awali, hata vikiwa vitano vimepangana kama watu kwenye foleni. Aliye katikati ya foleni hajaingia ndani ya nyumba. A- ni awali, -na- ni awali, na katika *anakisoma* hata -ki- ni awali.

Kiambishi kati cha kweli hupasua mzizi. Kitagalogi cha Ufilipino kina mzizi *sulat*, kuandika. Ukitaka kusema "aliandika" unachukua *um* na kuipachika baada ya s: *sumulat*. Mzizi umefunguliwa tumbo. Kiarabu nacho kina *kataba*, na katika umbo moja la kitenzi hicho t ya ziada huingia baada ya herufi ya kwanza ya mzizi: *iktataba*. Jaribu kufanya hivyo kwa *som-*. Huwezi kupata *s-na-oma*.

Kuhusu mtihani: taja kazi badala ya mahali. Andika "a- kiambishi cha nafsi, -na- kiambishi cha wakati uliopo, som- mzizi, -a irabu tamati." Hakuna msahihishaji atakayekata jibu hilo, wa upande wowote. Na mwalimu wako usimbishie mbele ya darasa. Mfuate baadaye, mpelekee *sumulat* kwenye karatasi.

Mimi ni mfasiri. Mwenzangu kazini anashikilia kwamba "kitabu" ni neno la Kibantu asilia kwa kuwa lina ki- na wingi wake ni vi-. Mimi najua limetoka Kiarabu, lakini nilishindwa kumjibu kuhusu hiyo ki-. — Mfasiri aliyenyamazishwa

Mwenzako amekamata mkia wa jambo la kweli, ila anavuta upande usio wake.

Katika Kiarabu, k ya *kitaab* ni sehemu ya mzizi wenyewe. Mzizi ni konsonanti tatu, k-t-b, zenye maana ya kuandika, na irabu hupita katikati yake kuunda maneno. Sisi tumechukua watoto wengi wa mzizi huo mmoja bila kuambiwa kuwa ni ndugu: *kitabu*, *katibu*, *maktaba*, *mkataba*, *maktubu*. Yaweke kwenye mstari mmoja, utaziona k, t na b zimesimama palepale kama nguzo. Wingi wa Kiarabu ni *kutub*: nguzo zimebaki, irabu zimebadilika.

Mswahili aliposikia *kitaab* alisikia kitu kingine. Alisikia ki-, ile anayoijua kutoka *kiti*, *kisu* na *kitu*. Akaikata k na i, akapata wingi *vitabu*. Kwa kufanya hivyo alikata nguzo ya kwanza ya mzizi wa watu, akabaki na *-tabu*, ambayo wanafunzi wengi wataapa kuwa ndiyo maana yake halisi. Na mkato huo umekubalika kiasi kwamba kitabu kinene mno utasikia kikiitwa *jitabu*. Kwa hiyo asili ya neno ni Kiarabu na muundo wake wa sasa ni wa Kibantu. Mnaweza kugawana ushindi.

Hili si tukio la mara moja. *Kiberiti* nacho ni *kibrit* ya Kiarabu, na wingi ni *viberiti*. *Waraka* ina w ya mzizi, lakini tuliiona kama ile u- ya *wimbo* na *nyimbo*, tukasema *nyaraka*. *Wakati* ukawa na *nyakati*. Ninayoipenda kuliko zote ni *kipilefti*, mzunguko wa barabarani. Asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye kibao, yenye maana ya "shika kushoto". La kwanza lilisikika kama *kip*, likapewa irabu, na mara tukawa na *vipilefti*. Kibao cha amri kimegeuka nomino yenye ngeli.

*Mwalimu* ni kisa cha peke yake. Kiarabu ni *mu'allim*, na huko kwao mu- hiyo ni kiambishi kwelikweli, kinachounda mtenda. Kwetu nako m- au mw- huunda mtu. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, kila moja na kiambishi chake cha mtu chenye m, zimekutana kwenye neno moja. Tulipokata mu- kupata *walimu* tulikata palepale ambapo Mwarabu naye angekata. Bahati tu, lakini bahati nzuri namna gani!

Ila usimwambie mwenzako kwamba kila ki- hukatwa. *Kilo* mbili si *vilo* mbili. *Chaki* kumi si *vyaki* kumi. Wasemaji huchagua.

Neno refu kuliko yote duniani ni lipi? — Mpenda rekodi

Inategemea unahesabu nini. Wajerumani huunganisha nomino bila kuacha nafasi, na mwaka 1999 jimbo la Mecklenburg-Vorpommern lilipitisha sheria yenye jina la herufi 63: *Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz*, yaani sheria ya kukabidhi majukumu ya kusimamia uwekaji wa lebo kwenye nyama ya ng'ombe. Ilifutwa mwaka 2013, na neno likaenda nayo. Mturuki hupanga viambishi nyuma ya mzizi: *ev* ni nyumba, *evler* nyumba nyingi, *evlerimiz* nyumba zetu, *evlerimizde* ndani ya nyumba zetu. Mchina kwa kawaida huweka silabi mbili tatu, akatosheka.

Mimi urefu haunisisimui. Kinachonisisimua ni mzigo. *Hawatatuandikishia* ina herufi 18 tu, lakini imebeba mofimu nane, yaani vipande vinane vyenye maana au kazi yake: ha-wa-ta-tu-andik-ish-i-a. Ukanushi, watenda, wakati, watendewa, mzizi, usababishi, utendeaji, irabu tamati. Hiyo ni sentensi iliyokunjwa ikatosha mfukoni.

Bibi, najifunza Kiswahili nikiwa mtu mzima. Kwa nini nasema "anasoma" lakini "anakula"? Ku- si ni ya kutaja kitenzi tu? Na kwa nini ikikanushwa inatoweka, "hali"? Mwalimu wangu alisema ni kighairi, nikariri. — Mgeni wa lugha

Unaona sasa kwa nini silipendi neno hilo.

Tamka polepole na usikilize mahali sauti inapokazwa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: a-na-SO-ma. Mzizi wa kula ni silabi moja tu, *-la*. Ukisema *anala*, mkazo utaangukia -na-, na -na- haikubali mkazo. Vivyo hivyo -li-, -ta-, -me- na -nge-. Ni viambishi visivyotaka kubebeshwa. Basi lugha inaingiza ku- ili ipokee mkazo: a-na-KU-la, a-me-KU-la, a-nge-KU-la.

Vipo viambishi vingine visivyo na ukaidi huo. Si- ya ukanushi hukubali: *sili*. Ki ya masharti hukubali: *akila*. Ka ya masimulizi hukubali: *akala*. Hu- ya mazoea hukubali: *hula*. Hapo ku- haina kazi, haiji. Na ukiweka kiambishi cha mtendwa, nacho hupokea mkazo, ku- inaondoka: *anamla*, *anaila*. Kwa hiyo ku- hiyo si ya kutaja kitenzi. Ni mti wa kuegemea.

Kuna ndugu zake, bila shaka. Kiswahili hakipendi nomino au kitenzi cha silabi moja kisimame peke yake. Ukimwamuru mtu usiseme "la!", sema "kula!". Na sikiliza *mbwa*: m yake ni silabi kamili na ndiyo inayokazwa, M-bwa, ilhali katika *mbaya* m imejificha ndani ya b. Vivyo hivyo *nchi*. Sehemu iliyobaki ni fupi mno, ikabidi konsonanti ijitutumue iwe silabi.

*Enda* na *isha* zina silabi mbili, kwa hiyo hazina haja kubwa ya ku-, na ndiyo maana utasikia *ameenda* na *amekwenda* pia. Zote sawa. Mimi husema *amekwenda*, lakini mimi ni mzee.

Shikamoo. Kwa nini wingi wa "mwanamke" ni "wanawake", mbele na katikati vyote vinabadilika, lakini "mwanafunzi" ni "wanafunzi" tu? Na "mwanaume" je, ni sahihi, au lazima "mwanamume"? — Katibu muhtasi

Marahaba. Neno ambatani likiwa limeunganisha sehemu mbili ambazo kila moja inataja au kusifu mtu yuleyule, zote mbili huhesabiwa. *Mwana* na *mke* ni mtu mmoja, basi *wanawake*. *Mja* na *mzito* ni mtu mmoja, basi *wajawazito*. Lakini katika *mwanachama* chama si mtu, kwa hiyo wakiwa elfu bado ni *wanachama*. *Kifunguamimba* huwa *vifunguamimba*, *mpigapicha* huwa *wapigapicha*. Inabadilika sehemu ya mbele tu. *Garimoshi* ni gari na moshi, na yakiongezeka ni *magarimoshi*, moshi unabaki ulivyo. (Mchina naye garimoshi huliita *huǒchē*, moto na gari. Hatukuombana. Tulitazama kitu kimoja, kinafuka.)

Sasa *mwanaume*. Kwa kanuni niliyotoa sasa hivi, *mwanamume* ingetoa *wanawaume*. Hatusemi hivyo. Tunasema *wanaume*, wa moja imemezwa. Halafu watu wakaitazama *wanaume*, wakaiona imekaa kama *wanafunzi* na *wanachama*, wakarudi nyuma wakaunda umoja wake: *mwanaume*.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiikata kwa kalamu nyekundu kila nilipoiona na kuandika juu yake *mwanamume*. Hadi siku moja mswada ulirudi kwangu na mwandishi ameandika pembeni, kwa penseli, kwa adabu: "Bi, ukiikata hii, basi ikate na *wanaume*." Nikaitazama sentensi ile kwa muda. Nikachukua kifutio.